Punje Sita za Gathogo

Saa tatu asubuhi, mwanamke asiyejulikana anasimama kwenye mlango wa maabara ya chuo kimoja mjini Kitale, viatu vimejaa matope. Gathogo Muchiri, mhudumu wa maabara kwa miaka ishirini na sita, anaendelea kusugua chupa.

"Mzee, ni wewe unafundisha kemia kwa punje za mahindi?"

"Mahindi ni mali, mama, si ya kuchezea. Lakini karibu."

Mgeni ni Jepchumba, mwalimu wa chuo kidogo huko Kabuchai, Bungoma. Mtihani umebaki wiki mbili, na amegundua aliwafundisha wanafunzi wake thelathini na wawili kosa.

"Niliwaambia oksijeni ina choyo, ati inainyang'anya pete ya fenoli elektroni."

Gathogo anapanga punje sita za mahindi mviringo mezani: pete ya benzeni, kila punje atomi ya kaboni. Kando ya punje moja anaweka harage, yaani oksijeni na hidrojeni. Sasa ni fenoli.

"Oksijeni huvuta, kweli. Lakini ina elektroni zake za akiba, na hizo huigawia pete. Inachogawa kinazidi inachovuta. Bromini ikija na njaa ya elektroni, itakaa wapi?"

Anagusa punje mbili za jirani, kisha ile ya mkabala. "Ni hapa elektroni zimejaa."

Anaondoa harage na kuweka kijiwe: kundi la naitro. "Huyu anavuta tu. Pete inakuwa nzito kupokea. Ukiilazimisha, bromini inaruka jirani na kukaa nafasi inayofuata."

Jepchumba anagusa kijiwe. "Kitu kimoja tu, na pete yote inabadilika?"

"Mimi niliishia darasa la nane, bana. Hadi leo inanishangaza."

Gathogo anamwahidi kufika Kabuchai Jumamosi na fenoli na maji ya bromini. Kila mwanafunzi atadondosha tone lake mwenyewe.

Jumamosi inakuja na mawingu. Magunia kumi na manne ya mahindi, mavuno yake yote, yameanikwa uani juu ya turubai. Mkewe, Wamboi, anaumwa mgongo, hawezi kuyaingiza ndani.

"Baba Wangui, unaenda kumwaga dawa huku mahindi yakioza?"

"Nilisema nitaenda."

Saa sita, Kabuchai, simu yake inatetemeka, ujumbe wa Wamboi: mvua imeshika Kitale, mahindi yanalowa. Anairudisha mfukoni, anavaa glavu.

Mwanafunzi wa kwanza anadondosha maji ya bromini kwenye fenoli. Rangi ya chai inapotea papo hapo. Weupe unatanda kama maziwa. Hakuna moto, hakuna kichocheo.

"Ai! Si hata haijangoja!"

Gathogo anacheka. Anatamani kila chuo kati ya Kitale na Bungoma kiyaone haya.

Jepchumba aliuona ujumbe ule, na sasa ameusoma uso wake. "Mzee, nenda uokoe mahindi. Wameshaona."

"Nilisema kila mmoja," anajibu, akimkabidhi wa pili kidondoshi. Wamebaki thelathini na mmoja.