Maungio Yanayofunguka

Kamati ya kisima pale Migwani iliponiambia nichomelee maungio ya mabomba, nilipaswa kukataa. Wezi walikuwa wakiyafungua na kuyauza kama vyuma chakavu. Nilijua kwamba pampu ikiungua chini, mabomba hutolewa moja moja, kila moja likizungushwa na kufunguliwa kwenye nyuzi zake za skrubu. Nilichomelea hata hivyo. Wanakamati walikuwa wazee wa kanisa letu, na nilipenda kuitwa fundi mbele yao.

Mwezi uliopita binti yangu, mhandisi huko ng'ambo, alikuja kunisalimia. Mimi humwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mamangu. Nikamuuliza kazi yake hasa ni nini. Akachukua tyubu ya baiskeli iliyojaa upepo, akaizungushia kidole gumba na cha shahada.

"Baba, ndani ya tyubu kuna gesi moto kuliko jua. Vidole ni sumaku, zinaizuia isiguse ukuta. Viini vya hidrojeni vikiungana humo, tunapata joto la kuzalisha umeme. Lakini ukuta, yaani mpira huu, huchakaa. Haya, utoe."

Nikavuta tyubu. Vidole vikakaza.

"Si ufungue, mama!"

"Ndiyo kazi yangu hiyo!" Akacheka. "Nachora sumaku za umeme zinazofunguka kwenye maungio, ukuta utolewe kwa juu, mwingine uingie."

"Na kwenye maungio, umeme haupati taabu?"

"Unapata. Panaingia joto, na sumaku zinatakiwa ziwe baridi kuliko barafu. Hapo ndipo tumekwama."

"Na wezi je?"

"Mwizi gani atabeba sumaku yenye uzito wa lori? Labda kamati yenu!"

Nilicheka, kisha nikamweleza kwa nini niliuliza, maana wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa. Pampu iliungua katikati ya kiangazi. Tulishindwa kufungua, tukakata kwa gesi, mabomba yakatuponyoka na kuziba kisima. Mamake akawa anashinda njiani kwenda kuchota maji mtoni, yeye akiwa mgongoni. Alivumilia kiangazi hicho, kisha akawachukua watoto akahamia kwa kaka yake Emali.

Binti akaiweka tyubu chini. "Mama hakuwahi kunieleza hivyo," akasema. Baada ya chakula cha mchana akaaga, asichelewe nyumbani, yaani Emali.

Mke wangu hakurudi tena. Watoto wangu walilelewa na mtu mwingine, na kwangu huja kama wageni.