Ugonjwa Aliouficha Cephas

Asubuhi mume wangu alipoingia jikoni kunipikia, nilijua kuna kitu.

Mnaowajua Wajaluo wa zamani mnanielewa. Mwaka 1996, kisiwani Takawiri, mwanaume na mwiko? Watu wangeongea mpaka Mbita, ng'ambo ya ziwa.

Lakini Cephas alipika. Samaki ngege wa kuchemsha na ugali wa mtama. Akanipakulia mimi, akampakulia binti yetu Mourine. Yeye hakula. Alikaa kwenye kigoda akitutazama tu.

Tulipomaliza, akatoa begi yangu nje.

"Mellen, rudi kwenu."

Nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

"Nimepata mwanamke mwingine. Sikutaki tena. Chukua mtoto uende."

Aki, mtu anakupikia halafu anakufukuza kabla hata chakula hakijashuka tumboni?

Nikamshika shati. Akaruka nyuma kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Usiniguse!"

Mama yake, Priscah, alisikia kelele akaja mbio. "Cephas, nyar Kuria amekukosea nini?"

Ndivyo walivyoniita pale, binti wa Kuria, kwa sababu kwetu ni upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania.

Cephas akampita mama yake. Alibeba begi mpaka ufuoni, akaiweka kwenye boti ya kwenda nchi kavu, akatuacha pale. Hakugeuka hata mara moja.

Sasa wacha niwaambie huyo mtu alikuwa nani.

Cephas hakuwa mlevi. Hakuwahi kunipiga. Tangu utotoni alikuwa anasimama ndani ya ziwa maji yakimfika kifuani, anavuta wavu na wenzake. Maji hayo hayo tuliyanywa, tukaoga, tukaoshea vyombo.

Mwaka ule wa mwisho tumbo lilianza kumsumbua. Mara anahara, mara anakaa chooni mpaka namwita. Siku moja niliona damu.

"Ni bawasiri," akasema. "Usimwambie mtu."

Akaanza kukonda.

Na miaka ile, ukikonda huku ziwani ukiwa unahara, hakuna aliyekuuliza unaumwa na nini. Jina lilikuwa moja. Ayaki. Ndivyo Wajaluo walivyouita ukimwi.

Elijah, mwenzake wa boti, alikufa hivyo hivyo. Alihara mpaka akabaki mifupa. Cephas alikuwa mmoja wa waliombeba kwenda kaburini. Kutoka siku hiyo alibadilika. Akatenga kikombe chake. Akahamisha mkeka wake. Mimi nikajua tu kuna mwanamke.

Kwa hivyo aliponifukuza, niliamini.

Kwetu kaka yangu Nyamhanga alinipokea vizuri, lakini alikuwa na hasira mbaya. "Huyo mtu asikanyage boma hili. Akikanyaga, atanijua."

Nikalima, nikasahau. Nasema nikasahau, lakini ni uongo. Kila nikiingia jikoni nilikuwa namtukana moyoni.

Halafu Mourine akaanza kuugua.

Alikuwa anakula kama mtu mzima lakini mikono ilikuwa kama vijiti. Tumbo limefura, ngozi imeng'aa. Wifi yangu akasema ni minyoo ya kawaida, tukampa dawa za dukani. Wapi. Siku moja akaniita chooni.

"Mama, natoa damu."

Nikachungulia. Ilikuwa ni ile damu niliyoiona Takawiri.

Nikambeba mpaka Migori mjini, kwa daktari mmoja Mkisii anaitwa Bichage. Alimbonyeza mtoto tumbo, akaniuliza swali moja tu.

"Huyu mtoto amekaa ziwani?"

"Amezaliwa huko."

Akaomba choo cha mtoto, akaenda nacho kwenye darubini. Aliporudi hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Mama, hii ni kichocho."

"Daktari, kichocho si ni ile ya kukojoa damu?"

"Kuna hiyo, na kuna ya matumbo. Ya ziwani ni ya matumbo. Mdudu anapenya ngozi ukiwa kwenye maji. Anakaa kwenye mishipa ya utumbo anataga mayai. Mayai yanatoboa utumbo, ndio unaona damu. Mengine yanaenda kwenye ini na yanakaa huko miaka."

"Atapona?"

"Mtoto? Vidonge tu. Tumemuwahi." Akanitazama. "Nyumbani hakuna mwingine mwenye damu kama hii?"

Nikamkumbuka Cephas. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Mourine alimeza vile vidonge vikubwa, vichungu, na mimi nikameza vyangu. Jioni nikamwambia kaka yangu naenda Takawiri.

"Mtu amekufukuza kama mbwa na unampelekea dawa?"

"Ni baba ya mtoto, Nyamhanga. Asipotibiwa atakufa."

Kesho yake alinisindikiza mpaka stendi mwenyewe.

Niliposhuka kwenye boti, Priscah alikuwa anaanika dagaa wa omena. Aliponiona akajifunika uso na leso.

"Mwanangu, hataki mtu aingie. Hata mimi namwekea chakula mlangoni."

"Na mke wake mpya?"

"Mke gani?"

Nikasimama pale na viatu vimejaa mchanga. Hakukuwa na mke. Hakujawahi kuwa na mke.

Nikasukuma mlango.

Sikumjua. Miguu na mikono ilikuwa imekauka, lakini tumbo limejaa maji kama la mama wa miezi tisa. Macho ya njano. Akajivuta mpaka ukutani.

"Mellen, usikaribie! Toka!"

"Cephas, ni kichocho. Mourine alikuwa nayo. Kuna dawa."

"Wewe hujui. Nina ile ya Elijah." Akaanza kulia kama mtoto. "Nilikufukuza ndio ubaki mzima. Mmoja wetu abaki na Mourine. Ningekuambia ukweli ungekataa kuenda."

"Na ile siku ulinipikia?"

"Nilikuwa nakuaga."

Nikamwendea. Akanisukuma, lakini mkono ulikuwa hauna nguvu. Nikamshika hivyo hivyo. Tulilia mpaka Priscah akaingia, naye akakaa chini na sisi.

Vijana walitusaidia kumbeba mpaka kwenye boti. Wengine walifunga mdomo na kitambaa. Sikuwalaumu, hakuna aliyekuwa anajua.

Kule hospitali Homa Bay walitupima damu sisi wote wawili. Kusubiri majibu ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa namwangalia Cephas nawaza, kama yeye anayo, na mimi ninayo, na Mourine atabaki na nani?

Daktari wa wodi akaja asubuhi moja. Akavuta kiti.

"Hamna virusi. Nyinyi wote wawili."

Cephas akamwambia arudie. Akarudia.

Mume wangu alicheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Halafu akanigeukia, na kile kicheko kikakatika.

"Kwa hivyo nilikufukuza bure."

Daktari aliniita nje. Akaniambia dawa wamempa na wadudu watakufa, lakini ini limeshakuwa na makovu. Damu haipiti vizuri tena, inasukuma mishipa ya koo la chakula mpaka inavimba. Ikipasuka, ni shida.

"Angekuja mapema?"

"Angemeza vidonge akaenda nyumbani."

Sikumwambia Cephas hayo.

Tulipata siku nzuri chache. Nilikuwa namtoa nje aote jua. Tulikunywa uji kwa kikombe kimoja. Alitaka kuhamia kwetu Migori alime mahindi na tumbaku.

"Nyamhanga atanipiga?"

"Kidogo tu."

Alikuwa ananishika mkono muda wote, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichonyimwa.

Jumapili alfajiri alikaa kitandani ghafla, akasema ana kichefuchefu. Nikachukua beseni. Ilikuwa damu tupu. Ikaja tena. Wauguzi walikimbia, walifanya kila kitu.

Alikufa akinitazama.

Kwenye mazishi Takawiri watu walisimama mbali na jeneza. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Ayaki imemaliza mwingine." Na mwingine, "Na huyo Mkuria ndiye aliyeileta."

Niliomba kuongea. Nikawaambia wote ni kichocho, ni wadudu wa haya maji tunayooga. Nikawaambia wawapeleke watoto wao wapimwe choo. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walinicheka.

Priscah hakucheka. Tulipomaliza kumzika, alinivuta pembeni.

"Nyar Kuria, ni kweli ulichosema? Kulikuwa na dawa?"

"Ni kweli, Mama."

Akakaa chini kwenye udongo mpya.

"Afadhali ungeniambia ni ayaki," akasema. "Ayaki ningelia nikanyamaza, kwa sababu haina dawa. Sasa hii nitaifanya nini?"

Nikakaa naye kwenye ule udongo.

Wewe unayesoma hii, kama unaona damu chooni, usijihukumu peke yako chumbani. Tumbo halina aibu. Nenda upimwe, na umwambie unayelala naye. Cephas alinipenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipenda, lakini aliogopa jina la ugonjwa ambao hakuwa nao, na hiyo hofu ndiyo iliyompa yule mdudu muda.