Siku Mama Mkwe Alipokuja Mombasa Kuona Ofisi Yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nianze na kosa langu, msije mkadhani mimi ni mtu safi. Nilipoondoka Bungoma kwenda Mombasa kuwa weita, niliwaambia wakwe zangu naenda kuwa msaidizi wa meneja.

Hii sijatunga. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kwetu ni Chwele, lakini nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja Kitale. Jikoni kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya bahari. Miezi yake ilikuwa imeisha kitambo ila hakuna mtu aliyeitoa. Kitale asubuhi ni baridi, mvuke wa maji moto unapanda, na mimi kila nikiinua macho kutoka kwa karai naona ile bahari ikitetemeka ndani ya mvuke. Nilikuwa naosha sahani zile zile hata mara tatu ili nikae nayo kidogo.

Mgeni mmoja alisahau kijitabu cha Kiingereza cha kufundisha kazi ya weita. Hakikuwa na jalada. Nilikisoma na kamusi mpaka nikakijua kama Baba Yetu.

Sahani inawekwa kutoka kushoto. Inaondolewa kutoka kulia. Usiguse mdomo wa glasi.

Nikienda nyumbani Chwele nilikuwa napita kati ya mistari ya mahindi nikiwa nimebeba sahani tatu kwa mkono mmoja, zimejaa maji. Tone likimwagika, narudi mwanzo. Ukungu wa mlima ulikuwa unashuka mpaka kwenye majani, mahindi yamenipita urefu, na mimi nayaambia "good morning, sir" kama mtu aliye usingizini. Siku moja kaka yangu alinikuta huko.

"We bana, hii laini ya nyuma haijaletewa supu," akasema. "Inanung'unika."

Nilicheka, lakini nilirudi mwanzo. Ndivyo nilivyokuwa. Kitu kisipokuwa kamili, kinanikosesha raha.

Na ndiyo maana nilidanganya.

Nilikuwa na mchumba, Nafula, aliyefundisha chekechea karibu na Mabanga. Mazungumzo ya kwao na kwetu yalikuwa yameanza. Kazi ya Mombasa ilipopatikana nilienda kuaga. Baba yake akaniuliza naenda kufanya kazi gani. Neno "weita" nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama wazee waliokaa pale, nikaona halitoshi. Likatoka lingine.

Mama yake alinisikia akiwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kwa wasio wa kwetu, niwaeleze: Mbukusu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hampokezani chakula. Ukimwona njiani, mmoja anakwepa kando. Mpaka leo wengine wanacheka hii mila. Mimi sicheki.

Nilisikia tu sauti yake ikisema huko ndani, taratibu, "Msaidizi wa meneja." Kama mtu anayeonja mchuzi.

Gari la moshi lilinitoa Bungoma, na sikumbuki vizuri safari. Nakumbuka nilishuka mahali ambapo hewa ilikuwa na uvuguvugu kama pumzi ya mtu. Nakumbuka kuona bahari yenyewe kwa mara ya kwanza na kufikiria, kumbe ile ya kalenda ilikuwa imefifia hivyo! Kwa wiki kadhaa nilitembea kama niko ndani ya maji. Koti jeupe, feni zikizunguka polepole darini, watalii wakicheka kwa lugha ambazo sikuzijua. Mshahara ulikuwa mdogo, tip, ile bakshishi ya wageni, ndiyo ilitulisha. Kila tip niliona ni kama mtu ameniambia, "Umefaulu."

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Kombo, mtu wa Mombasa, mpole lakini mkali kwa jambo moja: sahani lazima iwekwe mbele ya mgeni na mkono wa weita. Ukimpa mgeni ampitishie mwenzake, huna kazi. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na zilibaki siku nne.

Mchana mmoja nikasikia mlangoni Kiswahili cha nyumbani. Nikachungulia kutoka jikoni.

Wanawake wanane wa kanisa, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Walikuwa wamechanga mwaka mzima kuja kuona pwani. Aliyetangulia kati yao alikuwa Mama Nafula.

"Tunatafuta mtoto wetu," mmoja wao alimwambia Bwana Kombo. "Yule msaidizi wa meneja. Tumekuja kuona ofisi."

Akataja jina langu.

Bwana Kombo alinitazama.

"Aah, huyo," akasema. "Karibuni sana kina mama, ketini." Aliponipita akaninong'oneza, "Meneja, wageni wako hao. Meza ya nane. Trei usisahau."

Nikatoka na trei, wakuu. Kuku na wali wa nazi. Mama Nafula aliponiona akageuza kiti upesi, akanipa mgongo na kujifunika kichwa kwa leso. Wale wengine wakaangalia koti langu, wakaangalia trei.

Niliweka sahani saba. Kutoka kushoto, bila kosa. Ya nane ikabaki mkononi.

Kumkaribia nisingeweza. Kumpa jirani yake ampitishie, Bwana Kombo alikuwa amesimama pale pale. Upande mmoja kulikuwa na kazi, upande mwingine uchumba wangu na Nafula, na mimi nimesimama katikati na mchuzi unapoa. Kijitabu hakikuandika kitu juu ya mama mkwe.

Nikaiweka sahani kwenye meza ndogo ya pembeni, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Kina mama," nikasema, "mimi si msaidizi wa meneja. Mimi ni weita, na hata uweita wenyewe bado najaribiwa. Niliwadanganya. Na hii sahani siwezi kumpelekea mama."

Bwana Kombo akaja, akachukua ile sahani, akaenda kuiweka mwenyewe mbele yake. "Mama, karibu chakula." Kisha akanigeukia. "Hata kwetu mkwe ni mkwe. Lakini ofisi yako utanionyesha na mimi."

Mama Nafula alikula kidogo. Halafu akaanza kuongea na jirani yake, bila kugeuka.

"Mwambie huyo mtoto wa watu, mimi nimepakulia watu harusini na kwa matanga miaka ishirini. Nani alimwambia kubeba chakula ni aibu?"

"Ati nani alikwambia ni aibu?" jirani akaniuliza, kana kwamba sijasikia.

"Hakuna, mama."

"Mwambie aibu ni mimi kusimama kanisani na kusema kitu hakiko."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie aandike barua. Kwa baba Nafula. Mwezi huu usiishe."

Nikasema nitaandika. Wakamaliza kula. Walipokuwa wanainuka, mmoja akafungua mkoba. "Nasikia huku wanaacha kitu kidogo kwa mwenye kuhudumia. Si tumwachie?"

Mama Nafula alikuwa tayari anaelekea mlangoni.

"Funga mkoba," akasema. "Mkwe halipwi."

Wakuu, niliganda pale. Mkwe. Alisema mkwe, mbele ya wanawake saba wa kanisa. Ni meza pekee wiki ile ambayo haikuacha kitu, na nilikusanya vyombo vyake machozi yakinitoka.

Barua niliiandika siku ile ile. Ukurasa mmoja, wenye makosa, sikuirudia. Baba Nafula alikasirika, akasimamisha mazungumzo mpaka mavuno yaliyofuata. Kisha akayafungua tena. Bwana Kombo alinipitisha majaribio bila neno. Nilikaa Mombasa miaka sita, miwili peke yangu, minne na Nafula.

Nilichojifunza: mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili ndiye anayedanganya haraka, kwa sababu ukweli wake anauona haujaiva. Labda ni mimi tu. Waliowahi kuhama kwenda kutafuta tip pwani au kwingine, na hasa walioficha nyumbani wanafanya kazi gani, semeni hapa chini. Na wenye mila kama yetu, mngefanya nini na ile sahani ya nane?

Siku hizi niko Kitale, nina hoteli yangu ya meza sita, na mtu akiniuliza kazi yangu najibu kabla sijafikiria.