Haidrenja Nyuma ya Bafu

Mama yangu alikuwa na haidrenja mbele ya nyumba yetu Limuru, kichaka chenye maua ya buluu makubwa kama kabeji, na miaka yote niliyoishi kwake sikukijali hata kidogo. Ilinibidi nihamie Ukunda, nitandike vitanda vya watalii kwenye hoteli moja ya Diani, ndipo nianze kukiota. Wenzangu kutoka bara walitamani viazi vya kwao. Mimi nilitamani kichaka.

Basi nilipotoka likizo nilirudi na vijiti vya kichaka hicho vilivyofungwa kwa gazeti bichi, nimevipakata safari nzima kama kichanga. Nilikuwa nimepanga kwa bibi mmoja wa Kidigo, mjane, mwenye uwanja mpana, mbuzi kadhaa na maoni juu ya kila kitu. Alinikuta nachimba nyuma ya bafu, mahali pekee palipokuwa na kivuli na maji ya kuogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wapanda nini?"

"Haidrenja."

"Haina nini?"

Nikamweleza kwamba ni maua ya kutazama tu. Hayaliwi, hayatibu. Akauliza kama yananukia. Nikasema hapana. Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Yeye alikuwa na asumini mlangoni, mrehani dirishani, na kilua alichokitoa kwa dada yake huko Vanga. Kwake, ua lisilonukia lilikuwa sawa na mgeni anayeingia nyumbani bila kubisha hodi.

"Basi jina limeifaa," akasema. "Haina. Haina harufu, haina dawa, haina faida."

Kuanzia hapo kila asubuhi aliniuliza, "Haina yako imeamkaje?" na kila asubuhi ilikuwa imeamka vibaya. Ardhi ya pale ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa mchanga kwa aibu, na maji ya kisima yana chumvi. Majani yaliungua kingo. Vijiti vyote vilikufa isipokuwa kimoja, nacho kilibaki kwa ukaidi tu. Nilikiombea kanisani, katikati ya maombi ya wagonjwa, bila kutaja kwamba mgonjwa mwenyewe ni mti.

Sala ilijibiwa kupita kiasi. Ndio mwaka wa zile mvua za Elinino. Vyoo vilifurika, barabara ya kwenda Msambweni ikakatika, godoro langu likaota ukungu. Lakini haidrenja! Ilinenepa. Ilitoa majani kama viganja vya mabaunsa, kisha vichwa vya maua, nikawa nakimbia kutoka kazini na kiatu mkononi nikayatazame yakifunguka.

Yakafunguka yakiwa ya waridi. Rangi ya pipi za watoto.

Nilihisi nimetukanwa. Nilipanda mti wa mama yangu, nikapewa wa mtu mwingine. Mwenzangu wa dobi pale hotelini akaniambia ni udongo tu, nifukie misumari yenye kutu kwenye mizizi, maua yatageuka buluu. Hakuwa na bustani, wala hakuwahi kuwa nayo, lakini alisema kwa uhakika sana. Nikaokota misumari kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani, nikaifukia jioni moja baada ya kazi.

Juma hilohilo beberu wa bibi alikata kamba. Alikuwa amenunuliwa kwenye mnada wa Kinango kwa ajili ya Idi, mnyama wa nchi kame ambaye hajawahi kuona jani bichi la ukubwa ule. Alikula nusu ya kichaka, akalala ubavu, povu mdomoni, tumbo kama ngoma. Bibi alipokuja kumvuta aliona mvua imefukua misumari yangu, imejipanga kuzunguka shina.

Alipiga ukelele uliouita mtaa mzima.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta wanawake wamejaa uwanjani, na jirani mmoja mwanamume ameshika kisu, anangoja aambiwe amwahi beberu kabla hajawa mzoga.

"Misumari hii ni ya nani?" bibi akauliza. Hakuniita mwanangu.

"Ni yangu, bibi."

"Umeifukia kwenye nyumba yangu. Wataka nini kwangu? Sema mbele za watu."

Nilijua watu waliofukuzwa kwa sababu ya kitu kidogo kuliko hicho, na mimi nilikuwa mtu wa kuja. Nikasema ukweli, kwa sababu sikuwa na uongo wowote ulio tayari.

"Nilitaka maua yawe ya buluu."



"Kwa misumari?" akauliza mwanamke mmoja.

"Niliambiwa hivyo."

"Ua lisilonukia," bibi akasema polepole, "umelizikia misumari, ili lisinukie kwa rangi nyingine?"

Mmoja akacheka, akajaribu kuficha kwa kanga. Akashindwa. Kicheko kikawashika wote, hata mwenye kisu, akakiweka chini ajifute machozi. Bibi ndiye aliyecheka mwisho, amejishika mbavu, huku akisema astaghfirullahi. Kisha akanifafanulia, kwa upole, kwamba mchawi ni mtu mwenye akili.

Beberu akanyweshwa mafuta ya nazi, akapiga mbweu ya kutisha, akasimama kesho yake. Idi tulimla. Nilipewa bakuli kubwa kuliko la jirani yeyote, eti mimi ndiye niliyemnenepesha.

Mvua zilipokoma jua likarudi na hasira zake. Nilimwagilia, nikatundika shuka kuukuu kama chandarua, lakini kichaka kilijikunja kutoka juu hadi chini, kikakauka. Asubuhi niliyokubali kwamba kimekufa, bibi alibisha hodi amejitanda kanga nyeusi, mkononi ana mahamri na mbaazi za nazi. Akaketi karibu nami kwenye ngazi.

"Pole kwa msiba," akasema, bila kutabasamu.

"Nishapoa, bibi."

Akanisukumia bakuli. Mbaazi zilikuwa bado za moto, tukachovya mahamri na kula bila haraka, na alipomaliza akanambia pale nyuma ya bafu pangefaa sana kwa pilipili.