Kamati ya shela, Durban: nilimwandika mchumba wangu kwa mkono wangu

Wakuu, habari za humu. Ningekataa ule ukatibu, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Sipambi kitu, aibu yenyewe inatosha.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa Durban, nauza simu mjini. Kanisa letu, Wakongo wengi na Watanzania wachache, lilikuwa na kamati ya shela. Kazi yake ni kumhoji kila bibi harusi kama ni bikira. Akifeli, anafunga ndoa bila shela.

Bwana harusi haulizwi kitu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na mtoto wa nje Isipingo, na kanisa zima lilijua.

Nina form four na mwandiko mzuri, wakaniomba niwe katibu. Nikakubali. Cheo kitamu, wakuu.

Mchumba wangu Mado alikuwa msusi, mtu wa Lubumbashi. Jioni alisoma English kule Berea, na darasa lao likaigiza mchezo wa Kiingereza wa miaka mia nne nyuma. Mume ana mahawara watatu, anamfungia mkewe ndani kwa sababu ya uvumi tu, na bado watu wanamwita muungwana. Nilikwenda kutazama, nikamtukana yule mume mpaka nikanyamazishwa.

Tukiwa njiani kurudi Mado akasema, "Kwenu kanisani iko vile vile. Na wewe ndiye unaandika."

Nikacheka. "Yale ni ya wazungu wa kale, mama."

Miezi miwili baadaye tukapeleka ombi la ndoa. Mado akaitwa kwenye kamati. Mimi nimekaa na daftari langu.

"Dada, umewahi kulala na mwanaume?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Nani?"

"Mumuulize katibu. Yeye iko na majibu yote."

Wote wakanigeukia. Na kweli wakuu, alikuwa ni mimi.

Nikasema, "Mimi naandika tu."

Nikaandika: hastahili shela. Mwandiko safi kabisa, na mstari nikapiga kwa rula.

Mado akanitazama, akabeba mkoba wake akatoka. Unajua kamati walifanya nini? Walinipa pole mimi. Mwaka uliofuata wakanifanya mzee wa kanisa.

Nilichojifunza: sisi wanaume tunaupenda sana usafi, mradi anayekaguliwa ni mwingine. Kama umewahi kukaa kwenye kamati za namna hii, sema hapa. Anayetaka kunitukana atukane, sitajibu.

Mado hakurudi. Sikuoa. Nina miaka sabini na moja, sina mke wala mtoto.