Mlango Alioufunga Mzee Mtoro

Mzee Mtoro alikuwa Mndengereko wa Mohoro, mtu wa swala tano, na kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa baa. Cheka ukitaka, Kibiti nzima ilishacheka kabla yako. Wenziwe msikitini walimtania, "Mtoro, unawalindia walevi pombe zao?" Naye huwajibu taratibu kwamba walevi ni watu wazima, shauri yao. Yeye anazuia watoto wasiingie.

Na kweli aliwazuia, tena kwa ukali. Miaka tisa alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya baa ya Mama Imani, mjane wa Kipare aliyeletwa huku na ualimu wa mumewe, mume akafa, yeye akabaki na kufungua baa yenye ukumbi wa muziki kando ya barabara kuu. Kwenye leseni iliyobandikwa ukutani imeandikwa kwamba asiyetimiza miaka kumi na minane haruhusiwi kuingia, na afisa aliyekuja kukagua alimsomea Mtoro maneno hayo mara moja tu. Ikatosha. Baba akimtuma mwanawe bia, Mtoro humrudisha mtoto mikono mitupu na ujumbe juu: "Mwambie baba'ko miguu anayo." Wasichana waliojipaka wanja ili waonekane wakubwa aliwauliza mwaka waliochezwa unyago, kisha mwaka waliomaliza darasa la saba, na hesabu ikikataa, safari imeishia hapo hapo.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Kudra. Huyu alikuwa na miaka minane, analelewa na bibi yake, Bi Mwanahawa, mkaanga karanga wa mtaa wa nyuma. Kila alasiri alikuja na beseni kichwani, maana walaji wa karanga wako ndani kwenye bia zao, hawako kwingine. Mtoro humsimamisha hatua tatu kutoka mlangoni.

"Babu, niingie kidogo tu, natoka sasa hivi."

"Huingii."

"Mbona muziki nausikia mpaka nyumbani? Si ndiyo nishaingia?"

Mzee atacheka, achukue beseni, aziingize karanga mwenyewe meza kwa meza, na baraghashia yake kichwani, akipita kati ya chupa huku midomo inaomba msamaha kwa Mola. Alimpenda yule mtoto, tuseme wazi. Wanawe wa kuwazaa wako Dar na simu hawapigi.

Basi ikaja Idd ya mwaka jana. Watoto wa Kibiti, Idd pili ikipita bila disko toto, wanaona hawakusherehekea. Jumba lililokuwa likitumika siku zote lilikuwa limeezuliwa na upepo, na Mama Imani akamjia Mtoro na wazo la kuwafungulia ukumbi wake mchana, wacheze, wanywe soda, jua likizama warudi makwao. Mtoro akakataa. Akamuuliza leseni inasemaje.

"Mzee wangu," Mama Imani akasema, "wasipocheza humu watacheza barabarani, na malori unayaona. Bora wapi?"

Hilo likamgusa. Akalala nalo, asubuhi akaja na sharti. Ukumbi ulikuwa na milango miwili, wa mbele unaotazama barabara na wa nyuma unaotokea kaunta. Watoto watacheza, ila mlango wa kaunta utiwe kufuli upande wa kaunta, na ufunguo akae nao yeye. Siku ya sikukuu mtoto wa Kiislamu asione hata kizibo cha bia. Mama Imani, ambaye ni Mlutheri na hujificha mchungaji akipita, akaliona sharti la heshima kabisa. Wote wawili wakaenda zao wameridhika, na hapo ndipo moyo unaponiuma kila ninapoisimulia habari hii. Hakuna aliyewaza ubaya. Leseni ilikataza watoto, wao wakasikia imekataza pombe.

Saa tisa alasiri Mtoro alikuwa mlango wa mbele, kanzu imepigwa pasi. Watoto wakaja kwa makundi, viatu vipya vinawabana na hawasemi. Kudra akaja na gauni la njano, hana beseni, akasimama hatua tatu kutoka mlangoni kama alivyozoea. Mtoro akamfuata, akamshika mkono, akamwingiza mwenyewe.

"Leo ingia, mjukuu wangu. Leo yenu."

Spika kubwa ilikuwa imewekwa ndani karibu na mlango ule wa mbele. Muziki ulipokolea ikapiga shoti, cheche zikaruka, moshi ukatanda. Moto wenyewe haukuwa wa kuunguza hata leso, ndoo moja ya mchanga iliuzima. Lakini mtoto mmoja alishapiga kelele za moto, na watoto wote wakakimbia mbali na spika, yaani mbali na mlango uliokuwa wazi, wakaenda kujazana kwenye ule uliofungwa.

Mtoro alikuwa nje anamfukuza mlevi. Alipoingia aliwaita warudi mbele, nani amsikie? Akatoka mbio, akazunguka nyumba, akapita jikoni mpaka kaunta, na kufuli akaishika, ufunguo ukamponyoka mara mbili. Ikafunguka. Mlango haukufunguka, kwa sababu ulifungukia ndani na ndani kulikuwa na watoto. Yeye na Mama Imani wakausukuma kidogo kidogo, wakawavuta mmoja mmoja kwenye mwanya. Wengi walitoka wanalia, wawili wamevunjika mikono. Kudra alikuwa chini kabisa, kwenye kizingiti, na hakuwa akilia.

Walimzika kesho yake. Msibani watu walisema yanayosemwa, kwamba ajali haina kinga, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mtoro aliyasikia na yakamkera, kwani alijua ile kufuli hakuifunga Mungu. Polisi walipouliza, Mama Imani alisema leseni ni yake na kosa ni lake. Mtoro akasema ni lake yeye. Baa ikafungwa, Mama Imani akapelekwa mahakamani, na mzee akaambiwa arudi nyumbani akapumzike.

Hakupumzika. Bi Mwanahawa alikuwa ameambiwa kwamba mlango ulikwama. Majirani walikubaliana hivyo kwa huruma, na Mtoro hakuweza kula mbele ya uongo ule. Baada ya arobaini akaenda, akamkuta uani kwenye mkeka, jiko la karanga halina moto.

"Dada, mlango haukukwama," akasema. "Niliufunga mimi. Nilitaka wasione pombe."

Bi Mwanahawa hakustuka. "Najua, kaka. Mtaa huu hakuna siri." Akanyoosha mkeka, ukawa umenyooka, akaunyoosha tena. "Nami nina langu sijamwambia mtu. Aliponiomba ruhusa nilimkatalia. Nikamwambia kule ni baa, mtoto wangu haendi baa. Akalia sana. Nikawauliza wenzake waliomjia, mlangoni kakaa nani?"

Mtoro akainama.

"Wakanijibu kakaa Mzee Mtoro," Bi Mwanahawa akasema. "Ndipo nikamvika gauni."