Radhi ya Mama na Skii za Kwenda Kote

Jamani, naombeni msaada.

Leo mchana kaka yangu Sule, anayefanya kazi Ulaya, katupigia video akiwa dukani, chini ya mlima. Anachagua skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji.

Akatueleza: nyembamba ni za njia zilizoshindiliwa. Pana ni za theluji mpya. Za kati zinakwenda kote, mpaka nyuma ya mlima kusikofika watu.

"Chukua za kati!" nikadakia mimi, mdomo wangu huu.

Sule haendi popote bila radhi ya mama. Akaiomba, mama akampa huku anakuna nazi.

Ndipo nikaona kidude kifuani kwa Sule. "Hicho cha nini?"

"Cha kunitafutia nikifukiwa na theluji. Tunapanda sasa hivi."

Mama akaacha kukuna. "Ukipanda huko, sina radhi na wewe!"

Simu ikakatika.

Walioko huko, niambieni, mlimani mtandao unashika?

Maana mama sasa haiogopi theluji. Analiogopa neno lake, kama Sule alilisikia na akapanda hivyo hivyo.

Kashamtumia sauti tisa WhatsApp: "Nna radhi nawe, mwanangu. Nna radhi nawe."

Zote tiki moja.